Meza ya Kioo

Mume wangu alikwenda Tunduma kununua betri ya gari, akarudi na meza. Betri aliisahau. Meza yenyewe ni ya kulia chakula, juu kioo kitupu, miguu ya chuma inayometameta, pamoja na viti vyenye migongo mirefu hivi kwamba ukikaa unajiona kama shahidi mahakamani. Ilifika kwetu Chanji, hapa Sumbawanga, juu ya lori la mbolea, imefungwa kwa magodoro, na nusu ya mtaa wakatoka nje kuipokea. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa na watu wawili. Watoto wako bweni, na wakija likizo wanakula sahani ikiwa mapajani, macho kwenye televisheni. Hata hivyo mume wangu aliifuta meza kwa mkono wa sweta yake, akarudi nyuma kidogo kuitazama, akasema kuanzia leo tutakula kama watu. Nikamuuliza siku zote tulikuwa tunakula kama nani. Yeye alishaanza kupanga viti.

Ni mtu mwema, na tabu yote inaanzia hapo. Mtu mbaya unamfungia mlango, yameisha. Mtu mwema anaingia akiwa amebeba mifuko. Wangu ni mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Mbeya, aliyeletwa Sumbawanga na barua ya uhamisho. Alifika akilalamikia baridi yetu, kana kwamba kwao Mbeya watu wanalala bila blanketi. Kila jioni anatazama kwenye simu watu wasiomjua wakipika vyakula asivyovijua, na mwisho wa wiki anakwenda mjini kutafuta vile walivyopika. Sumbawanga ya siku hizi haimwangushi. Ukitaka soseji zipo, ukitaka jibini ipo, ukitaka maziwa ya mtindi yenye rangi ya waridi na picha ya tunda ambalo hakuna mtu Ufipa nzima aliyewahi kulipanda, nayo yapo kwenye friji, ilimradi umeme haujakatika.

Meza ile ingebaki kichekesho cha nyumbani tu kama mama yangu asingeanguka shambani. Mama alikuwa anaishi peke yake Mwimbi tangu baba afariki. Siku hiyo alikuwa anapalilia maharage, akaona giza, na majirani wakamkuta amelala katikati ya matuta, jembe bado liko mkononi. Hospitali wakasema ni presha, wakasema na mwili umeisha. Daktari, kijana mpole aliyemwita bibi kila baada ya neno, alitupa vidonge na onyo moja: avimeze akiwa amekula, tena amekula chakula cha kueleweka, siyo kuonja onja. Na asikae peke yake tena. Nilitoka pale nimeshaamua. Mama hatarudi Mwimbi, atakaa na mimi mpaka Mungu atakapoamua vingine. Sikumuuliza yeye. Niliogopa kumuuliza, kwa sababu nilijua jibu.

Aliyefurahi kuliko mimi ni mume wangu. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo sana, hata sura yake haikumbuki, na amelelewa na shangazi ambaye alikuwa mkali hata akilala. Aliposikia mama anakuja kukaa, alipaka rangi chumba kizima kwa mikono yake, pamoja na sehemu ya swichi. Akanunua blanketi zito, akanunua kandambili za manyoya, akanunua kikombe kilichoandikwa maneno ya mapenzi ambayo mama, kwa bahati nzuri, hawezi kuyasoma. Alitaka jambo moja tu. Alitaka mama amwite mwanangu. Mama alimwita mkwe wangu, kwa adabu zote, huku anatazama pembeni. Na nyumba yetu aliiita "kwenu". Kwenu kuna baridi. Kwenu mna maji ya bomba.

Usiku wa kwanza tuliketi mezani. Mume wangu alikuwa ameandaa kuku wa kuokwa ndani ya lile dude la umeme linalokaanga bila mafuta, alilolinunua ili tuishi miaka mingi. Mama aliwekwa kiti cha mwisho, ana kwa ana na yeye. Alikaa wima, mikono chini ya khanga, macho kwenye kioo cha meza, akawa anatazama magoti yetu sote.

"Karibu mama, kula," mume wangu akasema.

"Asante baba, nimeshiba."

"Umeshiba nini, mama? Umesafiri tangu asubuhi!"

"Nimeshiba kwa kuwaona."

Mume wangu alinigeukia huku anang'aa. Aliona amesifiwa.

Hapa niseme jambo ambalo kila mtoto wa Kifipa aliyelelewa kijijini kwetu analijua bila kufundishwa. Mama hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Siyo kwamba kuna ugomvi. Ni heshima tu, kinywa cha mama mkwe hakionekani kinatafuna, kama vile mtu hafungui kabati la nguo mbele ya mgeni. Babu na bibi wazaa mama waliishi jirani na baba yangu mpaka uzee, na bibi yangu akiona baba anapita, hindi alilokuwa analitafuna lilirudi mfukoni. Walipendana mno, baba na bibi. Bibi alipofariki, baba ndiye aliyelia hadi akakaukiwa sauti.

Nilimweleza mume wangu usiku uleule, tukiwa chumbani. Nilimweleza taratibu, kwa Kiswahili cha shule.

"Mambo ya kizamani hayo," akasema. "Yule kwangu siyo mama mkwe. Ni mama."

"Kwako ni mama. Kwake wewe ni mkwe."

"Basi ndiyo tuyaondoe hayo. Akizoea meza, ataona kawaida."

Nikamkumbusha kwao. Nilipoolewa nilipelekwa kwao Mbeya kutambulishwa, na kazi ya kwanza niliyofundishwa na mawifi ilikuwa kujificha. Baba mkwe akitokea kwenye njia, mimi naingia kwenye migomba. Akiingia uani, mimi natokea mlango wa nyuma. Wiki nzima ya fungate niliimaliza migombani, nimelowa umande, viatu vyangu vya harusi vikanywa matope. Sikulalamika, na mzee yule alinipenda, alikuwa ananitumia parachichi kupitia kwa watoto. Mume wangu alinisikiliza akatikisa kichwa.

"Ile ni tofauti," akasema. "Ile ni heshima."

Kumbe ya kwao ni heshima. Ya kwetu sisi ni kukosa meza.

Basi yakaanza maonyesho ya vyakula. Mume wangu alikuwa na hakika kwamba mama hali kwa sababu bado hajakutana na chakula chake. Asubuhi alimkorogea uji wa shayiri wa pakiti, ule unaovutika kama gundi ya bahasha, akaumwagia asali na karanga na vipande vya ndizi, akakaa mbele yake kusubiri pongezi. Mama akashukuru, akasema utapoa kwanza. Ukapoa. Jioni ikawa tambi. Kesho yake soseji, ambazo mama alizitazama kwa huruma. Ikaja mkate wa kahawia wenye mbegu, ambao kwa bei yake ningenunua ngano ya kulishia jando zima. Kila sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka, na mume wangu aliinama juu yake akitafuta kosa.

"Labda chumvi," alikuwa anasema.

Nilijaribu njia yangu. Nikampakulia mama ugali na maharage, nikampelekea chumbani, nikafunga mlango. Nilifikiri nimemaliza kazi. Mume wangu alipotoka kuoga akauliza mama yuko wapi. Nikasema anakula chumbani. Uso ukamwanguka. "Peke yake? Kama mgonjwa wa kutengwa?" Kabla sijamshika, alishabeba sahani yake na kigoda, akagonga mlango kwa furaha, akaingia kumpa kampani. Nilisikia sauti ya mama kupitia ukutani. Nimeshiba, baba.

Mchana nilidhani ungekuwa salama. Mimi nashinda dukani kwangu, nauza vitambaa na vifungo na nyuzi, na yeye anashinda ofisini. Lakini mtu mwema haachi pengo. Alianza kurudi nyumbani kila siku saa ya chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili yangu tangu anioe. Wenzake ofisini walimsifu. Yeye alisema hapendi mama ale peke yake. Na kweli mama hakula peke yake. Hakula kabisa.

Jumamosi ilikuwa siku ya kutoka. Mume wangu alikuwa amegundua mgahawa mpya mjini, wenye maua ya plastiki na muziki wa kutingisha glasi, unaouza piza. Alituvalisha kama tunakwenda komunyo. Mama alijifunga kitenge chake kipya na kilemba, akakaa kiti cha nyuma cha kigari chetu, na mume wangu akakigeuza kile kioo kidogo cha ndani, kile cha kutazamia magari ya nyuma, mpaka kikamwonyesha uso wa mama. Njia nzima alikuwa anaongea na kioo. Mama, upo sawa? Mama, unaona ile ni benki mpya. Mama akajibu ndiyo baba, huku anatafuta sehemu ya kiti ambako kioo hakimfikii. Magari ya nyuma yetu yalijijua yenyewe.

Na mgahawa wenyewe, mwenye nao alikuwa mbunifu. Ukuta mzima aliubandika kioo, nadhani ili mteja ajione anavyostarehe. Kwa hiyo mama, ambaye nyumbani alikuwa anaonekana upande mmoja tu, sasa alionekana kila upande. Piza ikaletwa kwenye ubao wa mviringo. Mume wangu akamkatia kipande, jibini ikavutika mpaka karibu na sakafu.

"Hii ni ya Wataliano," akamwambia.

"Wako wapi?" mama akauliza, akigeuka kutazama mlango. Nafikiri alitaka kuwagawia.

Aliomba maji. Kipande chake alikifunga vizuri kwenye karatasi laini akakiweka kwenye mkoba, akasema atakula baadaye kwa nafasi. Mume wangu alifurahi mno, alinong'ona kwamba tunakaribia. Kesho yake nilitoka nje kuanika nguo nikakuta kuku wa jirani wamekizunguka kile kipande wananyang'anyana. Wao hawakuwa na mkwe pale.

Nilikuwa naogopa sasa. Nafanya mzaha kwa sababu ndiyo silaha niliyopewa, lakini kila asubuhi nilikuwa namtazama mama anavyoshika ukuta akitoka chumbani. Ajabu ni kwamba hakukonda kama nilivyotarajia. Nilikuja kujua sababu kwa jirani yetu, mwenye wale kuku. Ni mama wa Kirando, huko ziwani, mwanamke wa Kiislamu mchangamfu, anauza dagaa na samaki wa migebuka sokoni asubuhi na kurudi kwake kabla jua halijapanda sana. Alinisimamisha kwenye uzio.

"Dada, nakuaga. Naenda nyumbani Kirando, tuna harusi ya mdogo wangu, nitakaa huko kidogo. Sasa mama utampangaje?"

"Kumpangaje vipi?"

Akanitazama. "Si anakulaga kwangu? Tangu aje. Wewe ukishakwenda dukani, anapita hapa kwenye tundu la uzio. Nampikia ugali wa ulezi na dagaa. Anakula vizuri tu, na nyongeza anaomba. Nilidhani wewe ndiye unayemtuma."

Nilisimama pale nimeshika kamba ya nguo. Mama yangu, mwenye umri ule na presha ile, alikuwa anapenya kwenye tundu la uzio kama mwizi wa mahindi ili akale kwa jirani, awahi kurudi kabla mkwe hajaja kumlisha. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Jioni nilimwambia mume wangu, nikiamini safari hii ataelewa. Niliona ameumia.

"Anapika dagaa wa namna gani?" akauliza hatimaye. "Anaweka nyanya au haweki?"

Jirani alisafiri. Tundu la uzio likawa halina kazi, na mama akaanza kumeza vidonge juu ya chai. Haikupita wiki, nikamkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, kichwa mikononi, anasubiri dunia iache kuzunguka. Nilimpikia palepale uani, akala haraka haraka huku anatega sikio getini. Alipomaliza akanawa, akaniambia kwa Kifipa, bila kupandisha sauti, kwamba Jumatatu anarudi Mwimbi.

"Mama, huko ukianguka tena?"

"Nitaanguka nimeshiba."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe? Mwambie, mkwe, mimi sili mbele yako. Atakuelewa."

"Nimwambie mtu aliyenipakia rangi ukuta kwamba aondoke nikale? Ataona namkataa. Ni mtoto asiye na mama yule, nimemwona anavyonitazama. Hapana. Niacheni niende kwangu, nile, nipone, tubaki tunapendana."

Nilimsihi, nililia, nilimtajia daktari. Mama akishaamua, hata paroko hamwezi. Nilipompelekea mume wangu habari, alikaa kwenye kimoja cha vile viti vyake vya mahakamani akatazama magoti yake kupitia kioo. Sikumwonea huruma wakati huo, nasema kweli. Nilimwambia mama yangu anaondoka kwenda kufa kwa sababu ya meza yako. Alisimama akatoka nje. Aliporudi, nikidhani ameleta msamaha, alikuwa ameleta mpango.

"Jumamosi tunampeleka Muze," akasema. "Nilimsikia siku moja anasifia wali wa bondeni na samaki wa Rukwa. Hatujampa alichokipenda, ndiyo kosa letu."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Tukaenda Muze.

Mtu wa Sumbawanga akitoka kwake asubuhi anavaa kwa ajili ya Sumbawanga. Mume wangu sweta, mimi koti, mama vitenge viwili na shali juu. Tukapita Ntendo, tukafika pale uwanda unapokatika na barabara inaanza kujikunja kuteremka ukuta wa Lyamba, ule mteremko mkali wa kwenda bondeni, na kila kona tuliyoikata joto lilipanda. Katikati ya mteremko tulishakuwa tunavuana nguo ndani ya gari. Kioo cha ndani kilikuwa palepale, kimemwelekea mama. Mama, upo sawa? Nipo baba. Masikio yanaziba? Yanaziba baba. Tulifika chini tumeloa jasho, tukawakuta watu wa Muze wametulia na mashati mepesi, wanatutazama tunavyoshuka na mzigo wa masweta.

Tuliingia kwenye banda la mama lishe karibu na soko. Mabenchi, meza ya mbao, jiko la mkaa, wali unafuka na kambale wa kukaanga amelala kwenye sufuria ya mafuta. Harufu ile ingemfufua mtu. Sahani zikaletwa. Mama alitazama wali, akameza mate, nikamwona kabisa, kisha akasema ameshiba.

Safari hii mume wangu hakumhimiza. Alikula matonge machache bila raha, akanawa, akasema anakwenda kutazama mchele wa kununua na matikiti. Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya magunia.

"Mama, kula. Ameshaenda mbali."

Mama alivuta sahani. Sijawahi kumwona mtu anakula hivyo. Alikula kwa mkono, matonge makubwa ya wali wa moto, anapuliza kidogo na kutia mdomoni, miiba ya samaki anaitoa kwa ncha ya ulimi, macho yamefumba. Yule mama lishe akamwongezea bila kuulizwa. Nilikaa namtazama na machozi yananitoka kwa furaha ya kijinga ya kumwona mama yangu anashiba.

Hatukumsikia. Alikuwa amerudi kuuliza tunataka mchele upi, mrefu au mfupi, na alishafika kwenye nguzo ya banda, hatua chache kutoka mezani, sampuli za mchele ziko kwenye kiganja. Mama alifumbua macho akamwona. Tonge lilikuwa njiani kuelekea mdomoni, linafuka moshi. Hakulirudisha kwenye sahani, maana angeonekana. Alifumba ngumi juu yake, akauingiza mkono chini ya kitenge, akautuliza mapajani, akatazama pembeni.

"Karibu baba," akasema.

Wali ule ulikuwa wa moto wa kuchoma. Nilijua, nilikuwa nimeushika mimi mwenyewe. Mama hakutikisika, ila mshipa wa shingo ulisimama, na kwenye kitenge, pale ngumi ilipokuwa, doa la mafuta likaanza kutokeza na kutanuka. Mume wangu aliliona. Alilitazama lile doa muda ambao mimi niliuona mrefu mno, kisha akageuka ghafla na kumwita mwuza matikiti ambaye hakuwepo, akaondoka anakwenda haraka, mchele unamwagika vidoleni.

Nilimfungua mama ngumi. Kiganja kilikuwa chekundu. Tonge akawarushia kuku, akaomba maji ya kunawa. Nikamwambia malizia. Akasema twende, mkwe wake anasubiri juani.

Tulimkuta ndani ya gari, mikono kwenye usukani, kifurushi cha gazeti kiko mapajani. Tikiti hakununua, mchele hakununua. Tukaanza kupanda mlima. Tulipofika kwenye kona ya kwanza, akaniuliza kwa sauti ya chini, macho mbele:

"Ulipokuwa unaingia kwenye migomba, ulikuwa unamchukia baba?"

"Hapana."

"Ulikuwa unamwogopa?"

"Nilikuwa nampenda," nikasema. "Ndiyo maana nililowa umande wiki nzima."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akakishika kile kioo cha ndani, akakisukuma juu mpaka kikatazama dari la gari. Akanipa kifurushi. Kilikuwa na joto na kilinuka kambale.

"Mpe mama," akasema, halafu akapaza sauti kama anayehutubia mkutano: "Barabara hii ni mbaya sana! Mimi siwezi kuondoa macho mbele hata kidogo! Mpaka tufike Sumbawanga, mimi nyuma sioni!"

Nilikipitisha kifurushi juu ya bega bila kugeuka. Kikapokelewa. Tukapanda kona nyingine, na nyingine, mimi natazama kioo cha mbele kana kwamba nami nina leseni. Kwanza hakikusikika kitu. Kisha gazeti likachanika. Kimya. Kisha nikamsikia mama yangu anatafuna, taratibu, bila haraka yoyote, anavunja kichwa cha kambale na kunyonya mifupa, mtu aliye nyumbani kwake.

Mume wangu naye alikuwa amesikia. Alizima redio, ambayo hata hivyo ilikuwa inakoroma tu. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, gari ikawa inatambaa, lori la mchele nyuma yetu linapiga honi na yeye hajali, shingo ameikaza, sikio moja amelitega nyuma, machozi yanamteremka mpaka kidevuni na hayafuti. Mtu aliyetafuta sauti ile kwenye soseji na tambi na jibini ya Wataliano.

Mama akalamba vidole. Akaongea kwa Kifipa, kama inavyopasa, kwangu mimi.

"Mwambie mwanangu aache kunisikiliza, akanyage mafuta. Dawa zangu za jioni ziko nyumbani."

Nikafungua mdomo kumtafsiria. Gari ilikuwa imeshaongeza mwendo.